Ukumbi wa Nyumba: Makali ya Mashine ya Majani



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Embu, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana si la ukumbi huu. Anafuga ng'ombe wawili wa maziwa katika zizi lililo nyuma ya nyumba, na mashine ya kukatia majani aliyonunuliwa na mumewe imeanza kutafuna badala ya kukata. Ng'ombe huacha nusu ya chakula horini, na maziwa yamepungua. Fundi mmoja amemwambia anunue visu vipya, jirani amemwambia asugue kwa jiwe tu. Tena ana jambo la pili, ambalo kwake ni zito zaidi: jirani mwingine aliyeiazima mashine hiyo alipitisha ndani yake tawi la mti, na sasa kisu kimoja kimemeguka. Anauliza amdai, au anyamaze.

Tumeona tulijibu hapa kwa sababu wengi wetu tuna mabinti na madada walioolewa katika miji ile ya bara, Meru na Embu, na hata huku kwetu Kilifi na Kwale wapo akina mama wanaofuga kwa njia hiyo hiyo. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya nepia na lusina kwa ajili ya wafugaji wadogo wa pwani.

Anayeijua miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya atakumbuka jinsi mashamba yalivyo membamba: kahawa hapa, chai kule juu, mistari ya miti ya mukima mipakani, na ukanda wa nepia kando ya kijito au kwenye kingo za matuta. Hakuna nafasi ya ng'ombe kutembea. Mradi wa Taifa wa Maendeleo ya Ng'ombe wa Maziwa, ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Uholanzi, uliwafundisha wakulima wengi wa Kenya kumweka ng'ombe zizini na kumletea chakula chake. Mfumo huo umewafaa watu. Lakini una sharti moja ambalo Mwislamu hawezi kulipuuza. Mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia. Sote twaijua habari aliyotusimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha aende akale wadudu wa ardhini. Ng'ombe wa zizini yu katika hali ya paka yule. Kila anachokula kinapita mikononi mwa mwenye nyumba, na katika nyumba nyingi mikono hiyo ni ya mama.

Na anakula sana. Ng'ombe mkubwa wa maziwa huhitaji karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Ukimpa ndefu kama ilivyotoka shambani, huchagua majani na kuyaacha mashina, huyavuta chini na kuyakanyaga. Ukimkatia vipande vya sentimita 2 hadi 5, hula shina na jani pamoja. Wako wanaodhani kwamba kadiri chakula kinavyosagwa ndivyo maziwa yanavyozidi. Si hivyo. Chakula kilicho kama unga hupita upesi tumboni, ng'ombe hacheui vya kutosha, na afya ya tumbo huharibika. Kinachotakiwa ni mkato safi wa kipande cha wastani, na huo hautoki ila kwa kisu kikali.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe. Ya mkono na ya mota zinafanana katika jambo la msingi. Kuna gurudumu zito, na juu yake vimefungwa kwa boliti visu viwili au zaidi. Kuna mdomo ambao majani hupitia, na kwenye ukingo wa mdomo huo kipo chuma kilichotulia kisichozunguka. Kisu hupita karibu mno na chuma hicho, na jani hukatika baina yao kama kitambaa baina ya mapande mawili ya mkasi. Hili ndilo ambalo wengi hawalijui, nalo huwapotezea fedha: mashine ikitafuna, kosa laweza kuwa la makali, na laweza kuwa la nafasi iliyopanuka baina ya kisu na chuma cha mdomoni. Mkasi uliolegea haukati hata ukinolewa mchana kutwa. Kwa hiyo, dada yetu, kabla ya kununua visu vipya, angalia kwanza kama boliti zimelegea.

Dalili za ubutu ni rahisi kuzitambua. Vipande hutoka vimechanika ncha zake, na nyuzi ndefu zaning'inia. Majani hutoka maji kana kwamba yametwangwa. Mpini huwa mzito, au mota huguna na mkanda kuteleza. Usingoje zote zikusanyike. Kisu kinachoguswa kwa kinoo mara kwa mara hakihitaji tupa ila kwa nadra. Kisu kilichosahauliwa msimu mzima huhitaji kuondolewa chuma kingi, na chuma kilichoondoka hakirudi. Na ujue kwamba miezi ya kiangazi, mabua ya mahindi yanaposhika nafasi ya nepia, makali huisha upesi zaidi, kwa kuwa bua kavu ni gumu na aghalabu huja na mchanga. Yakung'ute kabla ya kuyatia.

Kabla ya kugusa kisu chochote, chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, maana mtoto au mgeni aweza kuiwasha. Toa mkanda. Ngoja gurudumu lisimame kabisa, kwani huendelea kuzunguka kwa uzito wake baada ya mota kunyamaza, kisha likabe kwa kipande cha mti ili lisigeuke unapolegeza boliti. Mashine ya mkono nayo haina huruma: sukuma kidogo upande mmoja, kisu cha pili kinakuja. Vaa glavu za ngozi. Tia alama kwenye kila kisu na mahali pake, ili kirudi kilikotoka.

Kitie kisu kwenye jiliwa, au mwombe kijana akushikilie jiliwa la jirani fundi. Utaona kwamba upande mmoja wa kisu ni bapa kabisa, na upande wa pili una mteremko unaoishia kwenye makali. Noa upande wa mteremko peke yake. Upande bapa ndio unaopita mbele ya chuma cha mdomoni. Ukiuinamisha kwa tupa, umeharibu mkasi. Ufuate mteremko ule ule aliouweka mtengenezaji, ambao kwa visu vingi ni wa nyuzi 25 hadi 30. Kama huna uhakika unaufuata, paka masizi ya sufuria juu ya mteremko kama upakavyo wanja, kisha pitisha tupa mara mbili tatu. Masizi yakitoka sawasawa toka juu hadi kwenye ukingo, mkono wako uko sawa. Yakitoka upande mmoja tu, rekebisha.

Tupa husukumwa mbele, haivutwi nyuma juu ya chuma. Inua, rudisha, sukuma tena, ukianzia shina la kisu hadi ncha. Hesabu. Ukipiga mara 20 kwenye kisu cha kwanza, piga 20 kwenye cha pili, isipokuwa kimoja kina pengo. Mwishowe utahisi kwenye upande bapa ukingo mdogo wa chuma uliojikunja. Laza kinoo kilicholowa juu ya upande huo, kilale kabisa, uusugue polepole mpaka uondoke. Makali usiyapime kwa kidole. Kata karatasi.

Mafundi wengi hutumia jiwe la umeme, na kazi yao ni ya haraka. Sina ugomvi nao ila kwa jambo moja: joto. Chuma kikigeuka rangi ya buluu ukingoni, ugumu wake umepotea, na makali yatakayopatikana hayatadumu siku mbili. Fundi mwangalifu hugusa jiwe kidogo, huchovya majini, hugusa tena. Ukimwona fundi anabana kisu kwenye jiwe huku cheche zikimwagika na ndoo ya maji hakuna, chukua kisu chako urudi nyumbani. Wala usione haya. Ni mali yako.

Visu vikisha kunolewa, vipime kwenye mizani ya jikoni. Vinapaswa kulingana uzito. Kisu kimoja kikiwa chepesi, gurudumu hutetemeka, boliti hulegea, na boliti iliyolegea kwenye gurudumu linalozunguka kwa mota ni hatari isiyohitaji maelezo. Punguza kizito kwenye mgongo wake, si kwenye makali. Virudishe mahali pake, na kaza boliti kidogo kidogo kwa zamu. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, ukitazama nafasi baina ya kila kisu na chuma cha mdomoni toka mwanzo wa mdomo hadi mwisho. Inatakiwa iwe ya unene wa karatasi nzito: visikwaruzane, wala visiachane. Tia karatasi mdomoni kwa kuisukuma na kijiti, zungusha. Ikikatika safi kwa visu vyote, rudisha mkanda. Paka mafuta membamba kwenye visu kila unapomaliza kazi, hasa nyinyi wa pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma usiku mmoja.

Neno kwa akina mama kuhusu mavazi. Kila siku twahimizana stara, na stara haiondoki mbele ya mashine, lakini buibui, dera na ncha ya mtandio ni vitu ambavyo mkanda hupenda kuvishika, na ukishika hauachii. Vaa ovaroli au koti la kazi juu ya nguo zako, mikono yake iwe ya kubana. Shungi liingie ndani ya kola. Bangili na pete ziwe mezani. Majani ya mwisho yasukume kwa majani mengine au kwa kijiti, kamwe si kwa kiganja. Na watoto: huko India na Pakistan, ambako karibu kila nyumba ya mkulima ina mashine hii, madaktari wameandika sana juu ya vidole na mikono ya watoto iliyopotea, wengi wao wakiwa wanacheza tu na gurudumu. Pitisha mnyororo baina ya miguu ya mashine na gurudumu, tia kufuli, ufunguo ukae kwako. Ni gharama ndogo mno.

Tuje kwa kisu kilichomeguka. Dada, kwanza kitafute kile kipande. Kama hakikupatikana chini ya mashine, basi huenda kimo ndani ya majani, na ng'ombe hali kwa kuchagua kama mbuzi, humeza. Chuma chenye ncha hukaa kwenye tumbo la pili, ambalo li jirani na moyo, na chaweza kutoboa. Majani yaliyokatwa siku ile yasitumike. Ng'ombe akikataa kula, akasimama amekunja mgongo na kuguna, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ama kisu chenyewe, pengo dogo hutoka kwa tupa baada ya kuvinoa vyote viwili sawasawa. Pengo kubwa, au ufa hata uwe mwembamba kama unywele, halina dawa. Nunua jozi, usinunue kimoja. Na usikubali kuchomelewa, kwa kuwa kisu kilichochomelewa chaweza kuruka.

Mashine hii si ya miti. Mukima ukipogolewa, matawi yake ni kuni. Hata kaliandra, ambayo watafiti wa Embu waliieneza kwa wakulima tangu miaka ya 1990 na ambayo kilo 3 zake mbichi hukaribia kulingana na kilo 1 ya chakula cha dukani kwa protini, mpe ng'ombe majani na vijiti laini tu. Shina lake likikomaa ni mti.

Na jirani je? Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kitu cha kuazima kiko katika dhamana ya aliyekiazima. Uchakavu uliotokana na matumizi aliyoruhusiwa hauhesabiwi juu yake. Lau angekata nepia na visu vikawa butu, usingekuwa na dai. Lakini tawi la mti si matumizi ya mashine ya majani, na gharama ya kisu ni yake. Haki unayo, na kuidai kwa upole si uchoyo. Kusamehe nako kuko wazi kwako, na jirani ana haki kubwa, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Ila tunakushauri usifanye lile la tatu, yaani kunyamaza huku umekasirika na kumnyima mashine kila akija kwa kisingizio kipya. Mwambie kilichotokea, mwonyeshe kisu, umsikilize. Huenda hakujua. Ukitaka fatwa kamili, mwendee sheikh wa msikiti wenu ukiwa na mumeo, maana mashine ameinunua yeye na rai yake imo.

Juma lijalo, inshaallah, tutajibu barua ya mama wa Nkubu anayeuliza namna ya kuhifadhi mabua kwenye mifuko bila kuota ukungu.