Utepe na Foleni

Nina ugomvi na utepe ambao umedumu zaidi ya miaka arobaini. Nasema ule utepe ambao mgeni rasmi huukata kwa mkasi ulioletwa juu ya sinia, watu wakapiga makofi, kisha wakaenda kula. Nilianza ugomvi huo nikiwa mwalimu wa hesabu, nikaendelea nao nilipokuwa mwalimu mkuu na baadaye mkufunzi wa chuo cha ualimu. Sasa ni mzee niliyepita miaka sabini, nimeketi chini ya mkorosho wangu hapa Likombe, na sioni sababu ya kuumaliza.

Safari hii nitautetea kwa mfano wa kitu ambacho wasomaji wengi hawajakiona, nami pia sijakiona kwa macho yangu. Ni foleni iliyomo ndani ya kompyuta, kati ya mashine yenyewe na waya wa mtandao. Madai yangu ni mafupi: tunajua kununua kasi, lakini hatujui kutunza foleni, na kasi isiyotunziwa foleni ni hasara iliyopambwa.

Nianze na kisa. Mwaka 2021 binti mmoja wa jirani yangu, mwenye stashahada ya ualimu, alikwenda kupeleka maombi ya ajira. Siku hizi maombi hayaandikwi kwa kalamu na kutiwa kwenye bahasha. Hupelekwa kwa mtandao, na saa ya mwisho ikipita, imepita. Alikwenda kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa kilikuwa kimepata seva mpya yenye kadi ya mtandao ya kasi kubwa. Utepe ulikuwa umekatwa miezi michache kabla. Siku ya mwisho vijana walijaa. Mtandao ulikwenda dakika kadhaa, ukasimama. Mhusika akazima mashine na kuiwasha. Ukaenda, ukasimama tena. Ikawa hivyo mpaka usiku, na saa ya mwisho ikawapita binti yule na wenzake wakiwa wamekaa mbele ya vioo vya kompyuta. Walipouliza, jibu lilikuwa moja: kadi hii imezidiwa, tutaomba tuletewe yenye kasi zaidi.

Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu, ambaye sasa ni fundi wa mitandao Dar es Salaam, alikuja kunijulia hali katika sikukuu iliyofuata. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza kisa kile. Akaniomba ruhusa ya kwenda kutazama. Alirudi jioni akasema, "Mwalimu, kadi haikuzidiwa hata kidogo. Foleni ilisimamishwa, na hakuna aliyeiamsha." Kisha akaokota kijiti akanichorea mchangani.

Kompyuta na kadi ya mtandao, alisema, hupeana kazi kupitia duara la nafasi, tuseme nafasi 256 au zaidi. Kompyuta huweka pakiti ya habari katika nafasi tupu. Kadi huichukua, huirusha kwenye waya, kisha hutoa taarifa kwamba nafasi ile iko wazi. Programu inayosimamia mapatano hayo huitwa kiendeshi, nayo hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoiendesha kompyuta. Duara likijaa, kiendeshi husimamisha foleni. Nafasi zikipatikana, huiamsha. Basi. Mtoto wa darasa la nne angelielewa.

Ugumu uko wapi? Chukua ghala la korosho katika msimu wa mauzo. Bawabu yuko langoni, karani yuko ndani. Bawabu ameagizwa kwamba akiona uwanja umejaa magari, afunge lango. Karani ameagizwa kwamba akimaliza kupakua, akikuta lango limefungwa, alifungue. Sasa bawabu ametupa jicho, ameona uwanja umejaa, anageuka kwenda kuvuta lango. Katika hatua zile chache karani anamaliza gari la mwisho, anatazama lango, analikuta wazi, anakwenda zake kulala. Bawabu anafika na kulifunga. Uwanja ni mtupu, lango limefungwa, kila mmoja ametimiza agizo lake, na magari yamepanga mstari hadi barabara kuu. Hakuna wa kumwamsha mwenzake.

Dawa yake inajulikana: bawabu akishafunga lango autazame uwanja mara ya pili, na akikuta nafasi alifungue mwenyewe. Ni mistari michache ya maandishi. Lakini lazima iandikwe kwa mpangilio kamili, na lazima iandikwe katika kila kiendeshi cha kila kadi. Kwa miaka mingi waandishi wa viendeshi walinakiliana mistari hiyo kama wanafunzi wanaonakiliana jibu, na anayenakili hunakili pia makosa. Mwaka 2023 Jakub Kicinski, mmoja wa wasimamizi wa upande wa mtandao katika kerneli ya Linux, aliweka kanuni moja ya pamoja ya kusimamisha na kuamsha foleni, ili viendeshi viitumie badala ya kila kimoja kuwa na nakala yake. Hapakukatwa utepe. Naamini hata wewe msomaji, ambaye labda umetumia mtandao leo, hujawahi kusikia jina lake.

Katika seva ya chuo kile, kosa la kiendeshi lilikuwa limekwisha kurekebishwa na watunzaji wa kerneli muda mrefu kabla ya binti yule kukaa kwenye kiti. Marekebisho yalikuwa bure, yakisubiri kuchukuliwa. Isitoshe, kerneli ina mlinzi wake anayepita kutazama foleni. Akikuta imesimama kupita kiasi, kwa kawaida sekunde 5, hupiga kelele na kuiandika habari hiyo katika daftari la mashine. Kijana wangu alilifungua daftari. Limejaa kelele za mlinzi, mstari ule ule, wiki baada ya wiki. Hakuna aliyelisoma.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: kosa dogo kama hilo litatokea mara ngapi? Nunua kadi kubwa zaidi, yaishe. Ndugu yangu, tufanye hesabu. Kadi ya gigabiti 10 kwa sekunde, ikipokea pakiti ndogo kuliko zote, hupitisha pakiti karibu milioni 14.88 katika sekunde moja. Basi jambo litokealo mara moja tu katika pakiti bilioni moja litatokea kila baada ya sekunde 67. Ukinunua kadi ya gigabiti 100, kwa shughuli ile ile iliyojaa, litatokea kila baada ya sekunde 6.7. Kasi haiponyi uzembe. Huuleta karibu zaidi. Yule aliyeahidi kadi ya kasi zaidi alikuwa anaahidi kukwama mara nyingi zaidi.

Wa pili atasema: basi refusheni foleni, nafasi ziwe nyingi. Hilo nalo lilikwisha kujaribiwa, likaleta ugonjwa wake. Weka pakiti 256 za baiti 1,500 mbele ya waya mwembamba wa megabiti 1 kwa sekunde. Atakayefika mwisho wa mstari atangoja zaidi ya sekunde 3, na mtu anayezungumza kwa simu ya mtandao atadhani mwenzake amekata. Ndiyo maana mwaka 2012 Linux ilipokea kazi ya Tom Herbert, ambayo humfanya kiendeshi ahesabu baiti alizopeleka na baiti zilizokwisha kuondoka, foleni iwe fupi kiasi cha kutosha na isizidi hapo. Na hapo pia ni utunzaji: kadi ikianzishwa upya na kiendeshi akasahau kusawazisha daftari lake la hesabu, foleni hufungwa kwa ajili ya deni ambalo halipo. Mwalimu yeyote aliyewahi kukuta daftari la mahudhurio lina watoto 45 na darasani wamo 38 anaelewa ninachosema.

Wa tatu atasema: hayo ni mambo ya huko Ulaya na Marekani, sisi ni watumiaji tu. Huyu ndiye anayenikasirisha. Kerneli ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, iko wazi. Kijana wa Mtwara mwenye kompyuta anaweza kuisoma mstari kwa mstari bila kumwomba mtu. Na foleni zenyewe ni zetu. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010, tumesifia upana wa bomba. Kisha tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ikapata hitilafu baharini kusini mwetu, na nchi nzima ikabanana katika njia chache zilizobaki. Siku kama hiyo upana wa bomba lililokatika haukusaidii. Kinachoamua nani asikike na nani apotee ni jinsi foleni zinavyotunzwa katika mashine zilizobaki hai. Mwenye kusema hiyo si kazi yetu anasema kwamba siku ya dhiki tuokolewe na wageni.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Nilipokuwa mwalimu mkuu katika miaka ya 1980, shule yangu ilikuwa na tangi la kuvunia maji ya mvua. Mfereji wa bati ulitoboka mahali pamoja, penye ukubwa wa shilingi. Fundi wa shule, mzee mtaratibu, aliniomba mara mbili fedha ya kipande cha bati. Mimi nilikuwa nikiandika maombi ya tangi la pili, kubwa zaidi, na nilikwisha kufikiria nani awe mgeni rasmi. Tangi la pili lilikuja, tukaliunga kwenye mfereji ule ule. Kiangazi kilipofika, tulikuwa na matangi mawili matupu, na wasichana wa bweni walikuwa wakiamka usiku kufuata maji mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta wa pili na ufa nikauacha. Kwa hiyo ninapomlaumu mhusika wa chuo kile, najilaumu nafsi yangu.

Nikajiuliza kwa nini tunafanya hivi, na jibu nililolipata halinipendezi. Foleni ikitunzwa vema, hakuna kinachotokea. Hakuna kelele, hakuna picha, hakuna hotuba. Mtunzaji hutajwa siku anayokosea tu. Sisi walimu tuliwafundisha watoto kwamba maendeleo ni kitu kipya, na mitihani yetu ikawauliza jambo lilianzishwa lini na nani, isiwaulize hata mara moja nani aliliendeleza na kwa jinsi gani. Ndipo tukapata wasimamizi wanaojua kuwasha mashine lakini hawajui kwamba ina daftari.

Basi nadai hivi. Mashine yoyote inayonunuliwa kwa fedha za umma isizinduliwe kabla halijatajwa jina la mtu atakayeitunza, saa atakazopewa kwa kazi hiyo, na siku atakayosoma daftari lake. Na katika vyuo vyetu, mkufunzi wa kompyuta asiishie kuwafundisha vijana kuandika barua na kupanga jedwali. Awafungulie kiendeshi kimoja tu, awaonyeshe mahali foleni inaposimamishwa na mahali inapoamshwa, awaulize: je, bawabu akichelewa hatua moja? Kijana mmoja katika arobaini akipenda swali hilo, inatosha.

Kijana wangu aliiwekea seva ile kerneli mpya kwa kazi ya mchana mmoja. Hakulipwa, na sidhani kama alishukuriwa. Nasikia haijasimama tena. Binti wa jirani aliomba upya mwaka uliofuata, na katika mwaka ule wa kungoja aliwafundisha watoto wa mtaa wetu kusoma, kivulini mwa mkorosho huu huu, kwa ubao wa kuazima. Mwaka wake mmoja ulipotea kwa sababu ya mistari michache iliyokwisha kuandikwa. Uliza ni nani aliyekata utepe wa seva ile, utatajiwa jina na cheo chake. Uliza nani aliyepaswa kusoma daftari lake, na watu watatazamana.