Msamaha wa kodi hauuzwi pamoja na ploti

Leo hatuongei mechi wala simu mpya. Leo ni ploti. Najua uko na miaka 22 na unaona hii ni stori ya wazazi, lakini ngoja kidogo. Kuna siku utahama kaunti, utanunua kipande chako cha hamsini kwa mia, na mtu atakuambia yale maneno matano yaliyomtesa mathe wangu: "Hii ploti huwa hailipi kodi."

Sisi ni watu wa Othaya. Hapa ukitoka stage ukatembea kidogo tu, uko katikati ya majani chai. Shosho ameishi kwa shamba lake miaka yote na sijawahi kuona akiletewa bili ya land rates, yaani ile kodi ya ardhi inayoenda kwa kaunti. Kwetu hiyo ilikuwa shida ya wenye maduka huko taoni. Na hiyo ndiyo akili mathe alienda nayo 2022 alipopata kazi mji mmoja upande ule mwingine wa Mlima Kenya, kaunti tofauti kabisa, akaamua badala ya kupanga nyumba maisha yote, anunue ploti ajenge.

Ploti ilikuwa safi. Muuzaji alikuwa na taito. Wakili akaangalia kumbukumbu za ofisi ya ardhi, jina likalingana, hakuna benki iliyokuwa inadai. Zamani hapo palikuwa na chekechea ya kanisa, na ndiyo maana muuzaji alisema haikuwa inalipa kodi. Hakudanganya, ila alisema nusu ya ukweli. Chekechea ilifungwa, yeye akanunua, pakawa yadi ya mbao, halafu pakawa pa kuosha magari. Mathe akalipa deposit kubwa, pesa ya chama pamoja na bonasi ya chai ya shosho. Kufika wakati wa kuhamisha jina, kaunti ikasema kuna deni la kodi la miaka kadhaa, na riba juu. Muuzaji akazima simu.

Alipatikana baadaye, wakazozana, mwisho wakagawana deni. Ile nusu ya mathe ilitoka kwa fees yangu. Nilikaa nyumbani muhula mzima nikiangalia wenzangu wakipost picha za chuo. Kwa hivyo hii mada siiongei kama mtaalamu. Naongea kama mtu aliyelipia.

Sasa tuelewe ilikuwaje. Katiba ya 2010, Kifungu cha 209, inaipa kaunti nguvu ya kutoza kodi ya mali, yaani ardhi na majengo. Wakati huo sheria iliyotumika kuthamini viwanja ilikuwa ile ya zamani, Sura ya 266, na iliondolea kodi ardhi ya ibada, makaburi, hospitali, shule, mashirika ya misaada, maktaba na kadhalika. Lakini soma vizuri: kinachosamehewa ni matumizi. Watoto wakiwa pale wanaimba A, E, I, O, U, kuna msamaha. Siku mbao zinaingia, msamaha umeisha, hata kama hakuna aliyekuja kubandika notisi kwa geti.

Deni nalo liko tofauti. Kodi ya ardhi isipolipwa inashikilia ile ardhi yenyewe. Na wakati wa kuhamisha jina huwa unaulizwa cheti cha kuonyesha hakuna kodi ya kaunti inayodaiwa. Kwa hivyo msamaha unaondoka na yule aliyekuwa anautumia, deni linabaki hapo likimngoja mgeni. Na mgeni ni wewe, mtoto wa Othaya, hujui hata ofisi ya mapato iko mlango gani.

Kitu kingine kinachochanganya watu wanaohama: taito inasimamiwa na serikali kuu, kodi inasimamiwa na kaunti. Unaweza kupata majibu safi kwa ofisi ya kwanza na bado uchomeke kwa ya pili. Halafu tuko na kaunti 47, kila moja na Sheria yake ya Fedha na viwango vyake. Ulichozoea Nyeri kinaweza kukosa maana ukivuka mpaka. Hata ushuru wa stempu unabadilika: ndani ya manispaa ni asilimia 4 ya thamani, nje ni asilimia 2. Kwa ploti ya milioni 1.5, hiyo ni 60,000 dhidi ya 30,000. Kuna msamaha wa ushuru huo kwa anayenunua nyumba yake ya kwanza, lakini ni kwa zile nyumba za bei nafuu za mpango wa serikali. Broka akikuambia "first time huwa bure", muulize bure ya nini hasa.

Na usidhani ni Kenya pekee. Kama familia yenu ina mtu majuu, mnajua venye watu wetu huhama kutoka jimbo hadi jimbo kutafuta maisha rahisi. Texas wanapenda kwa sababu jimbo halikati kodi ya mshahara, lakini kodi ya nyumba ni nzito, na msamaha unapewa nyumba unayoishi mwenyewe, ukishaomba. Mzee wa miaka 65 na zaidi anaongezewa mwingine. Ukinunua nyumba ya huyo mzee ukiangalia bili yake, unaangalia bili ya mtu mwingine. Florida thamani ya kukatia kodi ya nyumba ya mwenye kuishi hapo haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, lakini ikiuzwa inarudishwa kwa bei ya soko. Mgeni anashtuka, jirani anaendelea kulipa kidogo. Mtego ni ule ule.

Sasa maoni yangu. Kaunti zetu, Nairobi ikiwemo, hupenda kutangaza msamaha wa riba na faini kwa wenye madeni. Najua sababu: pesa inahitajika haraka, na kuna wazee wenye ploti zamani ambao kweli hawana kitu. Sawa. Lakini ule msamaha unamzawadi nani? Aliyekaa miaka kumi bila kulipa. Aliyelipa kila mwaka haambiwi hata asante. Na aliyenunua mwezi mmoja kabla ya tangazo ameshalipa riba ya mtu hajui hata kwao.

Mwishoni mwa 2024 tulipata sheria mpya ya kitaifa ya kodi hii, iliyochukua nafasi ya zile za zamani. Ni nafasi nzuri ya kurekebisha. Mimi nataka vitu viwili. Kwanza, kila kaunti iweke wazi kwa mtandao: andika namba ya ploti, uone kama imesamehewa, kwa sababu gani, na inadaiwa ngapi. Pili, kama kuna nafuu ya kugawa, ipewe mtu anayeishi kwa nyumba yake moja, hasa mzee asiye na mapato, ijulikane kabla, isiwe ya kungoja tangazo.

Kabla hiyo ifike, wewe jilinde. Usilipe deposit kabla ya kuona cheti cha mwaka huu kutoka kwa kaunti, si picha ya risiti ya zamani. Nenda ofisi ya mapato mwenyewe na namba ya ploti. Uliza majirani hapo palikuwa nini. Na kwa mkataba iandikwe wazi: deni lote la kabla ya kuhamisha jina ni la muuzaji.

Mathe sasa ameweka mabati, na mimi nilirudi chuo. Kila Januari anatembea hadi kwa kaunti kulipa, risiti anaweka ndani ya Biblia. Shosho alimuuliza kwa nini analipia udongo wake mwenyewe. Mathe akamwambia, "Heri nilipe yangu kuliko kulipa ya mtu."