Shamba Darasa la Insia: Barua ya Wazi kwa Baraza la Chuo Kikuu cha Egerton

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Baraza la Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro,
kupitia kwa Naibu Chansela.

MINTARAFU: MIHADHARA NA WARSHA ZA UMMA ZA TAALUMA ZA INSIA KATIKA KAUNTI YA NAKURU

Baraza la Chuo Kikuu cha Egerton linaombwa, kwa barua hii, lianzishe mfululizo wa kudumu wa mihadhara na warsha za umma za taaluma za insia, utakaoendeshwa kwa Kiswahili na, kila inapowezekana, nje ya kuta za chuo chenyewe. Insia ni jina la jumla la taaluma zinazomchunguza binadamu kupitia lugha yake, historia yake, fasihi yake, imani yake, falsafa yake na sanaa yake. Mhadhara wa umma ni hotuba ya kitaaluma ambayo mtu yeyote anaweza kuingia kuisikiliza bila kuulizwa ada wala cheti. Warsha nayo ni kikao cha kazi, ambamo waliohudhuria hawasikilizi tu bali hutoka na kitu walichokitengeneza wenyewe, kiwe ni simulizi lililorekodiwa, ramani ya kijiji, mchezo wa kuigiza au tafsiri.

Ombi hili si la kutafuta fadhila. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, katika kifungu chake cha 3, inataja miongoni mwa malengo ya elimu ya chuo kikuu kukuza maisha ya kijamii na kitamaduni, kuyasambaza matokeo ya utafiti kwa umma, na kuwawezesha watu kuendelea kujifunza maishani mwao mwote. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili, katika ibara ya 7, kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na katika ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Vifungu hivyo vikisomwa kwa pamoja, ni vigumu kukwepa hitimisho kwamba utafiti kuhusu watu wa Nakuru, unaofanywa na chuo cha umma kwa fedha za umma, haujakamilika mpaka watu wa Nakuru wenyewe wameusikia kwa lugha wanayoielewa na wamepata nafasi ya kuujibu.

Egerton kina sababu ya pekee ya kuielewa hoja hii, kwa kuwa ni chuo kilichozaliwa shambani. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, katika ardhi ya ekari 740 iliyotolewa na Lord Maurice Egerton kwa ajili ya kuwafunza vijana wa Kizungu ukulima; kikawa chuo cha kilimo, kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1961, na kikafanywa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge mwaka 1987. Katika historia hiyo ndefu kimeifuata desturi inayoitwa ugani, yaani kazi ya kuutoa ujuzi maabarani na kuufikisha kwa mkulima, na desturi hiyo imezaa utaratibu wa shamba darasa, ambapo wakulima hukutana penye mimea yenyewe, wakaitazama, wakaulizana, wakabishana na mtaalamu, kisha wakaenda kujaribu kwao. Mkulima wa Rongai au wa Mau Narok anayekuja kutazama mbegu mpya haulizwi shahada yake, na swali lake haliwekwi kando kwa sababu ameliuliza kwa lugha ya nyumbani.

Hapo hapo Njoro, katika kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini, aina za ngano kutoka nchi nyingi za dunia hupandwa kila msimu kwa makusudi mahali ambapo ugonjwa wa kutu ya shina, ukiwemo ule unaojulikana kama Ug99 uliotambuliwa kwanza nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, utazishambulia. Mbegu haifungiwi ghalani ili ibaki salama. Huwekwa wazi ili udhaifu wake ujulikane mapema. Tasnifu ya historia au ya fasihi, yaani andiko refu la utafiti linalomstahilisha mwanafunzi kupata shahada ya juu, haina shamba la namna hiyo. Husomwa na wasimamizi na watahini wachache, ikatetewa mbele ya jopo, ikajaladiwa, ikawekwa maktabani, na wale waliosimulia habari zake wasijue iliishia kusema nini juu yao.

Hasara ya hali hiyo ni kubwa zaidi katika Bonde la Ufa la kati kuliko mahali pengi, kwa sababu maswali ya insia hapa ni maswali ya ardhi ambayo watu wanaishi juu yake. Mkataba wa mwaka 1904, ambao serikali ya kikoloni iliutumia kuwahamisha Wamaasai kutoka maeneo ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi, ni habari ya kila kiwanja kinachouzwa leo kando ya barabara kuu, ingawa wauzaji na wanunuzi wachache wamewahi kuusikia ukielezwa. Historia ya maskwota, yaani Waafrika walioruhusiwa kuishi na kulima vipande vidogo katika mashamba ya walowezi kwa sharti la kuwafanyia kazi wenye mashamba, imechambuliwa kwa kina na mwanahistoria Tabitha Kanogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1987, ambacho kinaonyesha jinsi dhuluma za mashambani na upinzani wa wakulima wa Olenguruone katika miaka ya 1940 vilivyochangia kuzuka kwa Mau Mau. Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, na wajukuu wa watu kinaowazungumzia wako Elburgon, Molo na Njoro, mwendo wa matatu moja au mbili kutoka lango la chuo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Waogiek wa Msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, zikiwemo za ardhi, dini na utamaduni, na mnamo Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi 157,850,000. Uamuzi huo unamhusu Mwogiek wa Mariashoni na vilevile jirani yake Mkikuyu au Mkalenjin anayejiuliza iwapo hati yake itaguswa, lakini unazunguka vijijini kwa njia ya uvumi, na kila mtu huupokea jinsi hofu yake inavyomwambia. Mwanahistoria, mwanaisimu anayezijua lugha za eneo hilo na mwanafalsafa wa haki, wakiketi jukwaa moja na wazee wa pande zote, wangeweza kwa alasiri moja kueleza mahakama ilisema nini na haikusema nini.

Kunyamaza nako kumegharimu. Eneo hili lilishuhudia mapigano ya kikabila mwanzoni mwa miaka ya 1990, likayashuhudia tena Njoro mwanzoni mwa mwaka 1998, na tena Nakuru na Naivasha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru, ambao wakulima wanaujua kwa mifugo na mitambo, uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Hakuna mhadhara ambao ungeyazuia mapanga peke yake, na kudai hivyo kungekuwa kuwadhihaki waliofiwa. Hata hivyo, watu waliopigana walikuwa wamebeba historia, kila upande ukiwa na yake, iliyofunzwa jikoni na katika mikutano ya kampeni, na iliyokuwa haijawahi kuwekwa mezani pamoja na ya jirani ili zipimwe.

Afrika Mashariki haikosi mifano ya kufuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mshairi Okot p'Bitek alifanya kazi mjini Kisumu kama mkufunzi wa masomo ya nje ya chuo, yaani masomo ambayo chuo huwapelekea watu wazima mahali walipo, na akiwa huko alianzisha tamasha la sanaa lililowapa wasanii wa eneo hilo jukwaa la kuonyesha kazi zao. Funzo la Kisumu ni kwamba msomi aliyewekwa mjini, akapewa ofisi na ruhusa, anaweza kuukutanisha mji na sanaa yake mwenyewe bila kusubiri jengo jipya.

Funzo la pili linatoka Kamirithu, Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji, wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga jukwaa la wazi na kuigiza tamthilia ya Kikuyu iliyozungumzia ardhi na kazi katika maisha yao wenyewe. Baada ya wiki chache serikali ilibatilisha kibali, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Kwa kawaida mkasa huo hukumbukwa kwa ajili ya ukandamizaji, lakini jambo kubwa zaidi kwa chuo ni kwamba wanakijiji hawakuwa hadhira ya warsha ile: walikuwa waandishi wenza, waliosahihisha mazungumzo ya wahusika kwa kuwa waliijua lugha na kazi kuliko wasomi.

Mfano wa tatu ni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzisha mwaka 2008 Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, kikiwa na Profesa Issa Shivji kama mwenye kigoda wa kwanza. Kigoda hapa ni nafasi rasmi ya kitaaluma yenye mwenyewe, majukumu na ratiba. Na kwa sababu kilikuwa nafasi rasmi, si ari ya mtu mmoja, kongamano lake la kila mwaka, lililofunguliwa mwaka 2009 kwa mihadhara ya Wole Soyinka, liliweza kuendelea kutoka mwaka hadi mwaka. Shughuli isiyo na kiti hufa siku mwenye ari anapostaafu au anapopata kazi kwingine.

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni ya fedha, na hakuna anayeweza kuibeza, kwa kuwa shida za kifedha za vyuo vikuu vya umma nchini zinajulikana na kila mzazi. Jibu lake ni kwamba mhadhara wa insia hauhitaji maabara: unahitaji msomi ambaye tayari analipwa, ukumbi ambao tayari upo, kipaza sauti na nauli. Pingamizi ya pili ni ya siasa, kwamba kuzungumzia ardhi na makabila ni kuchokoza nyuki. Nyuki hao wamechokozwa kila msimu wa uchaguzi na watu wasio na hati mkononi wala mwenyekiti wa kuwazuia. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kitaaluma na papo hapo inakataza uchochezi na matamshi ya chuki, na chuo kikuu ndicho mahali panapoweza kushika mambo yote mawili, kwa kanuni ya kwamba kila dai liambatane na ushahidi wake na kila upande usikike hadi mwisho. Mji wa Nakuru wenyewe una historia ya mazungumzo magumu: mnamo Agosti 1963 Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikutana humo na walowezi akawataka wabaki na kusameheana na Waafrika. Mkutano ule ulikuwa wa wenye mashamba. Wa waliokuwa wakiyalima bado unasubiriwa.

Kwa hiyo Baraza linaombwa mambo manne. Kwanza, lianzishe kigoda cha insia za umma chenye mhadhara mmoja kila mwezi wa masomo, siku ya Jumamosi, ukizunguka kati ya Njoro, bewa la mjini Nakuru, Molo, Gilgil na Naivasha, kwa Kiswahili, pamoja na mkalimani wa lugha ya ishara na, inapobidi, wa Kikuyu, Kikalenjin au Kimaasai. Pili, kila tasnifu inayohusu eneo hili iambatane na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, utakaopelekwa kwenye maktaba ya umma na kwa jamii iliyotoa habari. Tatu, warsha na mihadhara hiyo ihesabiwe katika kupandisha vyeo vya wahadhiri, kwani kazi isiyohesabiwa huachiwa wanaojitolea, na wanaojitolea huchoka. Nne, Kasri la Lord Egerton lililoko Ngata, lililojengwa kati ya mwaka 1938 na 1954 na sasa likiwa mali ya chuo, lifanywe darasa la kwanza la mpango huu. Wageni wengi hulitembelea ili wasikie hadithi ya penzi lililokataliwa, na hadithi hiyo ina haki yake. Lakini mawe yale yanaweza pia kusimulia nani aliyachonga, nani alipika humo, ardhi ilikuwa ya nani kabla ya mwaka 1904, na ilikuwaje shule ya vijana wa Kizungu ikawa chuo cha Wakenya wote. Warsha ya kukusanya kumbukumbu za wazee waliofanya kazi katika mashamba ya eneo hilo, au za watoto wao, haifai kucheleweshwa, kwa maana wazee hao wanapungua kila mwaka.

Baraza linaombwa liliweke jambo hili katika ajenda ya kikao chake kijacho, na uamuzi wake, uwe wa kukubali au wa kukataa, utangazwe hadharani pamoja na sababu zake, kwa Kiswahili, ili wakazi wa Njoro na Nakuru wausome bila mkalimani.