Maili Kumi za Nani?

Kila mjadala wa ardhi unapofufuka Pwani ya Kenya, hurudi pamoja na msemo wake: ukanda wa maili kumi. Wanasiasa huutaja majukwaani, magazeti huuchapa, na mara nyingi mhariri mwenye nia njema humwongezea msomaji kwamba hizo ni kilomita 16. Hesabu yenyewe haina kosa. Ila ni hesabu ya maili nyingine.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, yaliyokata mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar huku bara, yalitaja maili kumi za bahari. Maili ya nchi kavu ina mita 1,609. Maili ya bahari ina mita 1,852. Kwa maneno ya mapatano hayo basi, ukanda ule ulioishia Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana, ulikuwa na upana wa kilomita 18 na nusu. Zinazopotea katika tafsiri ya haraka ni kilomita mbili u nusu kasoro kidogo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ukiuvuta upana huo mdogo pwani nzima, utakuta ndani yake mashamba, minazi, vijiji na makaburi ya wazee wa watu.

Na kuwa ndani au nje ya ukanda kulikuwa na uzito. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi waliomo wajitokeze kudai hati zao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya dola ya Kiingereza. Malalamiko ya uskwota yanayosikika hadi leo Kilifi na Kwale yana mzizi mmojawapo hapo. Jambo linalogusa riziki za watu kiasi hicho halistahili kupimwa kwa kubahatisha.

Hata mahali pa kuanzia kupima pana maneno. Mapatano yaliagiza upimaji uanzie kwenye alama ya maji kujaa. Mtu aliyekulia ufuoni atauliza papo hapo: kujaa kupi? Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Hulowesha mchanga mkavu wa juu na kuacha mstari wa mwani na vijiti karibu na mizizi ya mivinje. Siku za maji mafu, mstari huo huo huishia chini sana. Penye ufuo uliolala, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni hatua nyingi, na mvuvi anaijua tofauti hiyo bila kufungua kitabu. Kipimo cha mwanadiplomasia wa Ulaya kilikuwa kinaanzia kwenye kitu kinachosogea.

Neno maili limewahi kupotosha wakubwa zaidi. Al-Farghani, mnajimu wa karne ya 9, aliandika kwamba digrii moja ya mzingo wa dunia ni maili 56 na theluthi mbili. Maili yake ya Kiarabu ilikaribia kilomita mbili, na kwa maili hiyo jibu linakaribia sana kilomita 111 tunazozijua leo. Columbus alizichukua namba zile zile akazisoma kwa maili fupi ya Kirumi, dunia ikapungua robo nzima. Ndiyo maana aliamini Asia haiko mbali. Wajerumani nao walikuwa na maili yao ya kijiografia, yenye zaidi ya kilomita saba.

Vipimo vya Waswahili wenyewe navyo vinadai uangalifu huo huo. Mkono, au dhiraa, hupimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukifumba ngumi na kuishia kwenye konde, unapata mkono konde, ulio mfupi zaidi. Pima ni mikono minne, doti ni mikono minane. Wasafiri wa karne ya 19 waliihesabu doti kuwa wari nne, yaani mita tatu na zaidi ya nusu. Lakini mikono ya watu wawili ikipishana sentimita tano tu, doti zao zitapishana sentimita arobaini, karibu shibiri mbili. Anayeandika leo kwamba doti ni mita 3.6576 anaipa nguo ya msafara usahihi ambao haikuwa nao sokoni.

Tena doti imehama. Dukani leo ni kanga mbili za jozi, si urefu wa kitambaa. Mwanafunzi anayesoma habari za hongo waliyotozwa wafanyabiashara walipokatiza Ugogo, akakuta doti kadhaa za marekani, atawaza kanga zenye majina. Kumbe ilikuwa nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyokatwa kutoka jora kwa kufuata mkono. Kitabu cha shule kingeeleza hayo kwa mstari mmoja tu: mikono minane, takriban mita tatu na nusu hivi.

Gazeti nalo lina nafasi ya kutosha. Ukanda wa maili kumi ulikabidhiwa Kenya kwa barua za Oktoba 1963, na bado utaandikwa sana. Atakayeuandika aanze na kipimo cha mapatano, ndipo ageuze: maili kumi za bahari, karibu kilomita 18.5, kuanzia maji yanapojaa.