Ruwenzori: ADF walifunga njia za Uganda mwaka 1997, leo watu wanazitembea. Za kwetu je?

Mwaka 1997, waasi wa ADF walipokuwa wakipiga kambi katika milima ya Ruwenzori upande wa Uganda, parke yote ya milima hiyo ilifungwa. Hakuna mgeni aliyepanda tena hadi mwaka 2001. UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 1999, ikaitoa mwaka 2004. Leo, katika msitu uleule, kuna njia ya mzunguko ya kilomita 28 hivi inayofika kwenye ziwa Mahoma, na watu wanalipa feza ili waende kuchoka kule.

ADF ni walewale wanaoua watu wetu huku Beni. Ndiyo sababu ninaandika juu ya ziwa hilo.

Kwa mkaaji wa Butembo ao Beni, Mahoma si mbali. Unavuka mpaka wa Kasindi, unafika Kasese, kisha unapanda hadi Nyakalengija, kijiji cha chini ya mlima. Lugha utakayoisikia hapo ni Kikonzo, na Munande hahitaji mkalimani: Wakonzo wa kule na Wanande wa huku ni ndugu waliogawanywa na mpaka wa wakoloni. Hata theluji ya juu wanaiita jina moja, nzururu.

Njia yenyewe si matembezi ya siku ya mungu baada ya misa. Inachukua siku mbili ao tatu, na inaanza kama utani, kati ya mashamba na miti mikubwa ya msitu. Halafu inapanda. Mizizi imelowa, matope yanavuta viatu, na mvua ya Ruwenzori haisubiri msimu. Ukiingia kwenye mianzi, unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Juu zaidi miti inavaa ndevu za kuvu na majani laini, na unakuta kinyonga mwenye pembe tatu amekaa kwenye tawi, wala hana haraka na wewe. Ziwa liko karibu mita 3.000 juu ya bahari. Maji yake ni meusi, yametulia, yamezungukwa na msitu pande zote. Barafu ya zamani sana ndiyo iliyosukuma mawe na udongo yakazuia maji pale; barafu imerudi juu, ziwa limebaki. Kisha unashuka kwa mgongo mwingine wa mlima, na magoti ndiyo yanayolipa.

Lakini uzuri wa Mahoma si jambo la kutufundisha. Maziwa tunayo. Upande wa Mutwanga, anayepita Kalonge na Mahangu akielekea Kiondo anaonyeshwa Lac Noir, na juu zaidi kuna Lac Vert na Lac Gris. Kinachotupita wenzetu ni kazi ya mikono. Njia ya msituni haijitengenezi. Lazima mtu akate mianzi kila baada ya miezi michache, mwingine apange magogo juu ya matope, mwingine ajue mto gani unafurika saa ngapi. Katika Nyakalengija, kazi hiyo iko mikononi mwa watu wa kijiji waliojiunga katika Rwenzori Mountaineering Services: wao ndio wanaongoza wageni na kubeba mizigo. Tena sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya feza za kiingilio cha parke irudi kwa wakaaji wanaopakana nayo.

Ona pia walivyochagua. Njia kubwa ya Ruwenzori, ile ya kwenda kwenye theluji, inataka wiki nzima na mfuko mnene. Mahoma ilifunguliwa baadaye, miaka kama kumi baada ya vita, kwa mtu mwenye siku tatu na miguu ya kawaida. Mwalimu anaweza kuifanya. Mwanafunzi pia. Sisi huku tumezoea kuwaza utalii kama kitu cha mzungu anayetafuta kilele cha Margherita, mita 5.109, na mzungu asipokuja tunafunga duka.

Najua kuna msomaji ameshakasirika. Watu wanachinjwa mashambani, na huyu anatuletea habari ya kutembea kandokando ya ziwa? Hasira hiyo ni ya haki. Sisemi mtu apande Ruwenzori ya Mutwanga kesho. Hata Uganda haijapona kabisa: mwezi wa kumi mwaka 2023 ADF waliua watalii wawili na kiongozi wao katika parke ya Queen Elizabeth, na mwezi wa sita mwaka huohuo waliwaua wanafunzi wa Mpondwe, ng'ambo tu ya Kasindi. Virunga nayo imezika magardi zaidi ya 200. Hakuna ziwa linalostahili maisha ya mtu.

Ninalosema ni hili: amani ikifika, haitakuta kila kitu kinaisubiri. Wazee waliobeba mizigo hadi Kiondo wanazeeka. Wanajua pa kulala, pa kunywa maji, pa kugeuka mawingu yakishuka. Ujuzi huo hauko kwenye ramani yoyote ya Kinshasa, na kijana wa miaka 20 wa Mutwanga hajapata nafasi ya kuurithi, maana mlima umefungwa machoni pake. Kuna vikundi vyenye silaha vinavyomngoja kijana huyo, navyo havimwombi diploma.

Mafunzo hayahitaji kupanda mlima. ICCN na mkoa wa Kivu Kaskazini wanaweza kuwakusanya wazee hao sasa, Mutwanga ao Beni mjini, waandikwe na walipwe kufundisha. Wanaweza kutuma vijana kumi Nyakalengija wakatembee Mahoma miezi miwili pamoja na ndugu zao Wakonzo, wakijifunza kufungua njia na kumhudumia aliyevunjika mguu. Gharama yake ni ndogo kuliko jeep moja ya wakubwa.

Na njia ya kwanza ya kuchora siku hali itakaporuhusu isiwe ile ya theluji. Iwe mzunguko mfupi wa msituni, chini ya Kalonge, ambao mwanafunzi wa Oicha anaweza kuumaliza kwa siku mbili na kurudi kwao siku ya posho.