Mizani ya Chakula: Mtoto Akiuliza Nani Humla Nani



Wapenzi wasomaji, kuna swali ambalo watoto wa pwani huwauliza mama zao jikoni, hasa siku samaki anapopasuliwa tumbo na ndani yake akakutwa samaki mwingine mdogo. Mtoto huuliza, "Mama, huyu amemla mwenziwe?" Akijibiwa kuwa ndiyo, huleta la pili lililo zito zaidi: "Kwani Mungu hamhurumii yule mdogo?" Wazazi wengi hulikata swali hilo kwa kumtuma mtoto dukani. Juma hili tunawaomba msilikate. Ndani yake mna elimu ya maumbile na mna elimu ya tauhidi, na mtoto aliyeuliza amekwisha kuufungua mlango mwenyewe.

Shuleni watoto wetu hufunzwa jambo hili kwa Kiingereza, wakalikariri kwa ajili ya mtihani. Nyumbani tunaweza kuwafunza kwa lugha wanayoota nayo, na kwa vitu wanavyovila.

Tuanze na jua. Sisi hatuli jua, wala samaki hali jua, lakini hakuna kitoweo chochote katika sufuria zetu ambacho nguvu yake haikutoka huko. Mwenyezi Mungu ameipa mimea kazi ambayo hakumpa mnyama yeyote: kuuchukua mwanga, maji na hewa na kuvigeuza kuwa chakula. Barabarani kazi hiyo hufanywa na mwembe na mnazi. Baharini hufanywa na mwani, na nyasi za baharini, na vijimea vidogo vinavyoelea majini visivyoonekana kwa jicho. Tafi hula mwani na nyasi hizo. Tewa humla tafi. Papa naye humla tewa. Huo ndio mnyororo wa chakula.

Mtoto akiuchora mnyororo huu, mwangalie mishale yake. Wengi huielekeza kwa anayeliwa, kana kwamba mlaji anamnyooshea kidole. Mfahamishe kwamba mshale huelekea kwa mlaji, kwa kuwa hauonyeshi nani amemshika nani, bali unaonyesha nguvu inakwenda wapi. Inatoka kwa mwani, inaingia kwa tafi, kisha inaingia kwa tewa.

Hapo sasa chukueni mchele. Mtoto ahesabu punje 100 na kuziweka katika sinia. Hizo ndizo nguvu zilizomo katika mwani. Katika punje hizo, tafi apewe 10 tu katika kisahani. Katika hizo 10, tewa apewe moja. Je, papa atapata nini? Mtoto ataitazama ile punje moja na kucheka. Mwambie kwamba ili papa apate punje nzima, sinia ilipaswa kuanza na punje 1,000. Wataalamu hukadiria kwamba takriban sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayovuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Wakati mwingine hupungua na wakati mwingine huzidi kidogo, lakini sehemu kubwa haivuki. Jambo hili lilipata msingi wake wa kitaalamu mwaka 1942, pale Mmarekani Raymond Lindeman alipochapisha utafiti wake juu ya ziwa dogo huko Minnesota.

Mtoto atauliza zile punje 90 zimekwenda wapi. Mwache akimbie uani mara tatu, kisha ajishike paji la uso. Joto lile analolihisi ndizo hizo. Kila kiumbe hutumia chakula chake katika kupumua, kutembea, kuogelea na kuwindwa, na nguvu hizo hutoka mwilini kama joto na kupotea hewani. Sehemu nyingine huliwa isimeng'enywe, na nyingine hailiwi kabisa. Ndiyo sababu dagaa ni wengi na papa ni wachache. Ukubwa wa papa haukumfanya kuwa tajiri wa bahari. Umemfanya awe mtegemezi wa wengi. Mchezo ukimalizika, mchele huo uoshwe na uingie chunguni, kwani somo la neema halifunzwi kwa kutupa neema.

Lipo jambo jingine la kumfafanulia mtoto mwenye umri wa kufahamu. Mwili hurudi, lakini nguvu hairudi. Jani la mkoko likianguka, kaa hulivuta hadi shimoni mwake. Linalobaki huozeshwa na kuvu na vijidudu, na uozo huo huwa chakula cha viumbe wadogo, nao huliwa na kamba na samaki wachanga wanaojificha katikati ya mizizi. Rutuba ya jani hurudi matopeni, mkoko ukainywa tena. Ama nguvu ya jua iliyokuwemo ndani ya jani, hiyo ikishatumika haizunguki. Lazima jua lichomoze tena kesho. Mtoto akilielewa hilo, ataelewa kwa nini tunasema kwamba viumbe wote, toka kaa wa Mida hadi papa wa bahari kuu, wanaishi kwa riziki inayoteremshwa upya kila asubuhi.

Sasa turudi kwa lile swali zito. Je, kuna huruma gani katika kuliwa kwa mdogo?

Jibu lake liko katika miamba yetu wenyewe. Watoto wanamjua yule mnyama wa duara mwenye miiba mieusi, anayechoma miguu maji yanapokupwa. Mnyama huyo hula mwani, na katika kula hukwangua mwamba wa matumbawe. Akiwa mchache hana dhara. Adui wake mkubwa ni kikande, samaki mwenye taya ngumu anayeweza kumvunja pamoja na miiba yake. Watafiti, akiwemo Tim McClanahan ambaye ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, walilinganisha sehemu zinazovuliwa na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu mwaka 1968. Katika hifadhi, vikande wapo na wanyama wa miiba ni wachache. Palipovuliwa kupita kiasi, vikande walitoweka, wanyama wa miiba wakazidi mno, nao wakawa wanaula mwamba ambao ndio nyumba ya samaki wengine wote. Ilionekana pia kwamba mahali palipoharibika huchukua miaka mingi kurudi katika hali yake hata baada ya kulindwa.

Basi mwambie mtoto hivi: kikande alipokuwa akila, alikuwa akilinda. Yule mdogo mmoja aliyeliwa, kuliwa kwake kulizihifadhi nyumba za maelfu. Huruma ya Mola haikuwekwa kwa kiumbe mmoja mmoja pekee. Imewekwa pia katika mizani inayowabeba wote. Kwa kawaida mnyama akishiba huacha.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 9, aliandika Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, na humo alieleza namna wanyama wanavyowinda na wao wakawindwa, na kila mmoja akawa riziki ya mwingine. Aliyatazama hayo kama dalili za hekima ya Muumba. Mtoto wa madrasa anapojifunza mnyororo wa chakula, anapita njia ambayo wanazuoni wa Kiislamu wamekwisha kuipita.

Linabaki fungu letu sisi wanadamu. Katika mnyororo huu sisi ndio walaji pekee tuliopewa akili ya kuhesabu na tutakaoulizwa hesabu. Juya, wavu unaokokotwa hadi pwani ukizoa wakubwa na wachanga pamoja, limekatazwa nchini mwetu tangu mwaka 2001, lakini samaki wachanga bado wanafika sokoni. Samaki asiyewahi kutaga mayai hata mara moja akivuliwa, hakupotea yeye tu, kimepotea na kizazi chake. Hatusemi haya kumlaumu mvuvi mwenye watoto wa kulisha na chombo kisichofika mbali. Lakini mvuvi huleta kinachonunuliwa, na anayenunua mara nyingi ni mama. Mkono unaomkataa tafi wa ukubwa wa kidole una nguvu kuliko mabango mengi ya onyo.

Tunawapa kazi tatu ndogo za juma hili. Kwanza, kabla ya kusema Bismillahi, mtoto mmoja aeleze kitoweo cha siku hiyo kilivyofika kutoka juani hadi sahanini. Ikiwa ni maharage, atagundua kwamba safari ni fupi na punje chache zimepotea njiani. Pili, mkienda sokoni mchukueni mtoto, ajifunze kumtofautisha samaki mzima na mchanga. Tatu, makombo yasichanganywe na taka; wapeni kuku au yafukieni chini ya mti, ili mtoto aone mwili ukirudi ardhini na ukichipua.

Mtoto anayejua gharama ya punje moja ni vigumu kumwaga sahani. Na aliyejua kwamba kila mla ana mpaka wake, huenda siku moja akapewa chombo, au shamba, au ofisi ya kutoa vibali, akaukumbuka mpaka huo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atubarikie katika riziki zetu. Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.