Megapikseli Hazikupi Rangi

Leo naacha kidogo mambo ya programu nitoe dukuduku langu kuhusu kamera za video.

Binamu yangu alipofunga ndoa, jamaa aliyepewa kazi ya kurekodi alitusifia megapikseli za kamera yake, nasi tukaridhika. Video ya mchana ilitoka safi. Ya usiku, ndani ya hema lenye taa hafifu, ilikuwa balaa: magauni ya shangazi zetu ya rangi ya damu ya mzee yalitoka meusi tii, na nyuso zikajaa chembechembe za rangi. Shangazi akaniambia, "Si wewe umesomea kompyuta? Turekebishie." Nilikesha siku mbili. Kila nilipoongeza mwangaza, chembechembe nazo ziliongezeka. Rangi haikurudi.

Wengi hudhani kamera huona rangi. Haioni. Nyuma ya lenzi kuna kihisi, kijibamba cha silikoni chenye mamilioni ya pikseli, na kila pikseli hupima kitu kimoja tu: kiasi cha mwanga ulioingia. Ndiyo maana pikseli huwekewa vichujio vya rangi. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja bluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukisiwa na programu kwa kuangalia pikseli jirani. Yaani thuluthi mbili za rangi unazotazama ni makisio!

Mwanga ukitosha, makisio hayo ni mazuri sana. Ukipungua, hata vipimo vya jirani haviaminiki. Kitambaa cha damu ya mzee hurudisha mwanga kidogo, mwingi wake mwekundu, na pikseli za nyekundu ni robo tu. Ngozi zetu nyeusi nazo hurudisha mwanga kidogo kuliko gauni jeupe la bibi harusi. Basi sisi ndio wa kwanza kuharibika.

Kuna njia nyingine. Sony DCR-VX1000 ya mwaka 1995 ilikuwa na vihisi vitatu. Prizimu iligawa mwanga, na kila kihisi kikapima rangi yake bila kukisia. Lakini vilikuwa vidogo, kama milimita 4.8 kwa 3.6 kila kimoja. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008 ilikuwa na kihisi kimoja cha kukisia, ila cha milimita 36 kwa 24. Hilo ni eneo karibu mara 50.

Kwa sherehe ya usiku ningechukua kihisi kikubwa bila kusita. Manyunyu yakianza, sufuria pana hukinga maji mengi kuliko kikombe. Kuongeza megapikseli kwenye kihisi kile kile kidogo ni kugawa maji yale yale kwenye vikombe vidogo zaidi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza ukubwa wa kihisi, kisha omba kuona video ya usiku yenye watu wa rangi yako. Sisi waandishi wa programu tunaweza mengi, lakini mwanga ambao kihisi hakikuupokea hatuwezi kuurudisha. Shangazi bado hajanielewa.

Haya, tuonane wakati mwingine.